Mjadala: Kwenye hadithi za mama wa kambo, baba anakuwa wapi?

Habari za jioni ndugu zangu. Naleta hoja, na naomba tuijadili bila matusi maana inagusa nyumba nyingi humu.

Kwenye kundi la wazazi la shule anayosoma binti yangu, mzazi mmoja ameomba walimu wa madarasa ya chini waache kabisa kusimulia hadithi zenye mama wa kambo mbaya. Ametaja Sinderela, Snow White, Hansel na Gretel, pamoja na zile zetu za yatima anayelazwa jikoni na kupewa ukoko. Anasema siku hizi watoto wengi wanalelewa na mzazi mmoja wa kuzaa na mmoja wa kambo, na mtoto anaingia kwa mama mpya akiwa amekwisha kujazwa hofu. Kundi likagawanyika. Wapo waliomuunga mkono, wapo waliosema tunawadekeza watoto. Mwalimu mkuu ameahidi kulipeleka kwenye kikao cha kamati. Mimi kule sikuandika kitu kwa sababu jibu langu ni refu, nimeona nililete hapa.

Msimamo wangu: hadithi zibaki. Ila tuache kumwachia baba apite kimya kimya.

Chukueni Sinderela. Wengi tunaijua ile aliyoiandika Charles Perrault huko Ufaransa mwaka 1697, yenye boga linalogeuka gari na kiatu cha kioo. Baba yake Sinderela hajafa. Yu hai, yumo humo humo ndani. Binti haendi kumshtakia kwa sababu anajua mzee anatawaliwa na mkewe, na atakayegombezwa ni yeye. Basi, karibu hayo ndiyo yote tunayoambiwa juu ya baba huyo.

Ile ya Kijerumani, ya ndugu wawili Jacob na Wilhelm Grimm, ni nzito zaidi. Mwana wa mfalme amefika na kiatu. Dada wawili wamejikata, mmoja kidole, mwingine kisigino, ili mguu uingie, na wote wameumbuka. Anauliza kama nyumba hii haina binti mwingine. Anayejibu ni baba mzazi. Anasema hakuna, ila kuna kasichana kadhaifu ka jikoni alikoachiwa na marehemu mkewe, na hako hakawezi kuwa bibi harusi. Mtoto wake wa kumzaa! Mama wa kambo anadakia baadaye tu kwamba binti ni mchafu mno, haonyesheki. Lakini aliyetangulia kumkana ni baba.

Halafu Hansel na Gretel. Njaa imeingia, mke anatoa wazo la kuwatupa watoto msituni, mume anasitasita kidogo kisha anakubali. Kule msituni watoto wanasikia shoka likigonga, wanatulia, wanajua baba yuko karibu. Kumbe ni tawi lililofungwa kwenye mti mkavu, upepo ukilipiga linagonga kama shoka. Aliyelifunga ni yeye mwenyewe baba. Na mwisho wa hadithi watoto wanarudi na lulu na vito, mama wa kambo amekwisha kufa, wanamrukia baba shingoni. Hakuna anayemuuliza habari za lile tawi.

Tena kuna jambo watu wengi hawalijui. Grimm walipochapisha kitabu chao mara ya kwanza mwaka 1812, aliyetaka kumuua Snow White alikuwa mama yake mzazi. Kwenye toleo la 1819 akageuzwa mama wa kambo. Mke wa yule mtema kuni, baba yake Hansel, naye alikuwa mama mzazi, mpaka toleo la 1840 ndipo akaandikwa kuwa wa kambo. Mama wa kuzaa kufanya unyama ule hakukupendeza kwenye kitabu cha watoto, ikatafutwa mtu wa kumtwisha mzigo. Ni kweli pia kwamba enzi zile wanawake wengi walikufa katika uzazi na wanaume wakaoa tena upesi, kwa hiyo mama wa kambo alikuwa mtu wa kawaida katika kila kijiji. Lakini waliomtwisha walijua wanafanya nini. Baba hakuhitaji kubadilishwa, maana hakuna aliyekuwa amemkasirikia.

Ngano zetu za pwani nazo zina mama wa kambo wabaya, sitaki kuzipamba. Lakini ipo moja inayomkamata baba barabara. Ni ile ya Sultani Majinuni na nunda, iliyonakiliwa Unguja na Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, na kuchapwa London mwaka 1870. Sultani ana wana saba na ana paka wake anayempenda. Paka anakula ndama. Watu wakimletea habari, sultani anasema paka ni wake na ndama ni wake, mwacheni. Akila mnyama mwingine, jibu ni lile lile. Akianza kula watu, bado sultani hataki kusikia. Mpaka siku paka anapowala watoto wa sultani mwenyewe, ndipo anakubali kwamba huyo si paka tena, ni nunda mla watu. Na anayekwenda kumsaka ni yule mwana mdogo wanayemwita Mkaajikoni, asiyehesabiwa kitu na baba yake. Kila akiua mnyama anamburuta hadi kwa mama yake akidhani ndiye, na mama anamwambia, mwanangu, huyu siye. Anarudi porini.

Sijui hadithi nyingine inayoeleza vizuri zaidi mwenye nyumba anayeambiwa na kila mtu kinachotokea kwake, naye anajibu kwamba vyote ni vyake.

Sasa nije kwangu. Mimi nimelelewa na mama wa kambo, Tanga. Shangazi zangu walikuwa wakija Ijumaa mchana, na kabla hajaketi mtu, mmoja wao anapita jikoni na kufunua kawa, kile kifuniko cha chakula. Anaangalia kipande changu cha samaki na kipande cha mdogo wangu, mtoto wa yule mama. Ilifika mahali mama akawa ananiwekea mimi kipande cha katikati, chenye mnofu, na mwanawe anampa mkia, kila Ijumaa, ili asisemwe. Mdogo wangu aliliona hilo na lilimuuma. Siku ambayo hakukuwa na samaki, wali na mchuzi mtupu, shangazi aliondoka akiwa amenuna na mtaa mzima ukajua kwamba yatima ananyimwa kitoweo. Baba alikuwa sebuleni na redio yake. Hela ya matumizi asubuhi ile hakuacha. Yeye alijua, mama alijua, na mama hakusema kwa sababu mke hamwaibishi mumewe mbele ya dada zake. Hakuna aliyefunua mfuko wa baba kama walivyofunua kawa.

Hapo ndipo hadithi zilipotufundisha vibaya. Zimewafundisha ndugu, majirani, hata walimu, kwamba mtoto aliyefiwa na mama akikonda, wa kutazamwa ni yule mwanamke. Mume anaoa, analeta mke nyumbani, anamkabidhi watoto wasiomjua, kisha anajiondoa. Mke hana mamlaka ya kumkanya mtoto, maana ataambiwa anamtesa. Hana haki ya kunyamaza, maana ataambiwa hamjali. Na mwenye mtoto yupo! Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inasema wajibu wa kumtunza mtoto ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Nani humu amewahi kusikia wanaukoo wameitwa kikao kumuuliza baba kwa nini mwanawe anaonewa chini ya dari lake?

Karibuni. Hasa akina baba, na akina mama wa kambo wenyewe.

Mama wa Mombasa:
Dada, nimekusoma mpaka mwisho na mengi nakubali, ila kwa hili la hadithi kubaki nakataa. Mimi ni mama wa kambo. Mtoto wa mume wangu ana miaka sita. Nilipoolewa, ile wiki ya kwanza alikuwa hali mpaka anione nimetia tonge mdomoni. Nilidhani ni huzuni ya mamake. Siku moja nammenyea embe, akaniuliza kama nimelitia dawa. Mtoto wa miaka sita! Nikamuuliza kakisikia wapi, akaniambia ni ile hadithi ya Snow White na tofaa, malkia alimpa yule msichana akafa. Wewe unazungumza habari za 1812 na 1840. Mimi nazungumza habari za sahani iliyo mbele yangu. Nilikula nusu ya lile embe ndipo naye akala. Ningeweza kumwambia yule mwalimu wake neno moja, ningemwambia angojee walau mtoto anijue kwanza.

Mwanajamvi mmoja:
Hadithi ni hadithi tu. Watoto siku hizi wanaangalia katuni kwenye simu, nani anasimulia ngano? Mnagombania kitu ambacho hakipo.

Dereva wa masafa marefu:
Nashukuru kwa mada lakini naona sisi wanaume tumewekwa kizimbani bila kusikilizwa. Mimi naendesha lori, Dar hadi Lubumbashi. Ukifika Tunduma foleni, Kasumbalesa foleni nyingine, nyumbani unaonekana mara chache. Mke wangu wa kwanza alifariki akaniacha na watoto wawili, nikaoa tena. Ningefanya nini? Niache kazi nikae nao, tule nini? Na hilo la kufunua kawa unalisema kwa wepesi. Mimi nilirudi safari moja nikaingia jikoni kuangalia watoto wamekula nini, mke wangu akalia usiku kucha kwamba namchunguza kama mwizi. Mwanamume akinyamaza mnasema amejiondoa. Akiuliza mnasema hamwamini mkewe. Tuambieni tukae wapi.

Mwalimu wa darasa la kwanza, Morogoro:
Nasimulia hadithi kila siku, kwa hiyo ndugu aliyesema hazipo namkaribisha darasani kwangu. Nimemsimulia nunda kwa madarasa mengi. Watoto hawamkasirikii sultani hata kidogo. Wanampenda nunda, wanataka nimwige anavyonguruma, na kila mmoja anataka kuwa Mkaajikoni. Hayo ya baba kuwajibika tunayaona sisi wakubwa. Sasa kwa nini nataka hadithi zibaki? Kwa sababu mwaka fulani, baada ya hadithi ya yatima na ukoko, mtoto mmoja alibaki darasani wenzake walipotoka. Akaniambia, mwalimu, na mimi nanyimwa. Aliyekuwa akimnyima hakuwa mama wa kambo. Alikuwa bibi yake mzaa baba. Lakini ile hadithi ndiyo iliyompa pa kuanzia, bila hiyo asingejua hata kwamba jambo lile linasemeka. Mkiondoa watesaji kwenye hadithi, kule nyumbani wanabaki vile vile.

Mzee wa Pangani:
Wanangu, mnazungumza kama kwamba ukambo ulianza na Wazungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwoa Ummu Salama akiwa mjane mwenye watoto. Mmoja wao, Umar bin Abi Salama, anasimulia mwenyewe kwamba alikuwa kijana mdogo katika malezi ya Mtume, na mkono wake ukitangatanga kwenye sahani. Mtume akamwambia, ewe kijana, litaje jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim, na sisi sote tumeisomeshwa chuoni kama adabu ya kula. Nani alitwambia kwamba ni baba wa kambo anamfunza mtoto wa mkewe? Wameketi sahani moja. Na Wakristo wanaye Yusufu aliyemlea Isa. Kama shule inatafuta hadithi za kambo zilizo njema, zipo, tena karibu.

Mleta mada:
Ahsanteni sana. Najibu kwa kadiri mlivyonigusa.

Babu wa Pangani, shikamoo. Umenifungulia jambo. Nimeisoma hadithi ile utoto wangu wote, na pale Tanga hakuna aliyenionyesha kwamba anayeelekezwa ni mtoto wa kambo na anayemwelekeza yuko naye kwenye sahani. Nitalipeleka kwenye kamati kama lilivyo.

Dada wa Mombasa, lile embe limenikaa. Kwa mtoto aliyetoka kuzika mama na kuletewa mwingine, hadithi ya tofaa lenye sumu ingoje, nakubaliana nawe, na mwalimu anayejua hali ya nyumbani kwa mtoto anapaswa kujua la kusimulia na la kuacha kwa muda. Hilo ni tofauti na kulifuta kwa shule nzima. Lakini niruhusu nikuulize kwa heshima: mume wako siku ile ya embe alikuwa anafanya nini? Wewe mgeni ndani ya nyumba ndiye uliyelazimika kuonja ili uaminike. Mtu ambaye mtoto anamwamini tayari alikuwa baba yake. Angeketi naye wiki ile ya kwanza, akala chakula chako mbele yake, akasema huyu ni mke wangu na chakula chake ni salama, yale matonge usingeyatanguliza wewe peke yako.

Kaka dereva, pole kwa msiba na pole kwa barabara. Sikukulaumu kwa kusafiri. Nimetaja lile tawi la yule mtema kuni kwa sababu mlio wa shoka ulikuwa wa kuwatuliza watoto tu, baba hakuwapo. Wewe unatoka jasho, na hela unayotuma ni chakula cha kweli, huwezi kufananishwa naye. Umeuliza mkae wapi. Kwa maoni yangu, yako mambo ambayo hayahitaji kukaa nyumbani mwaka mzima. Kabla lori halijaondoka, waite dada zako na watoto wako na mkeo, useme mbele yao wote kwamba mke wako akimkanya mtoto ni wewe umemkanya, na mwenye swali juu ya chakula cha nyumba hii akuulize wewe kwenye simu, asifunue sufuria. Na watoto nao wawe na namba yako, wazungumze nawe bila kupitia kwa mama. Mkeo alilia kwa sababu ulikwenda jikoni kama shangazi zangu walivyokwenda. Ungeuliza mezani, mkila pamoja, nadhani asingelia. Kama nimekosea juu ya nyumba yako unirekebishe, wewe ndiye unayeijua.

Mwalimu, yule mtoto aliyebaki darasani ni hoja nzito kuliko zangu zote. Ila hapo pa watoto kutomkasirikia sultani, mimi sioni kama ni sababu ya kutowauliza. Watoto wa miaka saba wanajua sana nani alikuwepo na nani hakuwepo. Hawaulizi kwa sababu sisi tunaosimulia tunapita hapo mbio.

Na ndugu uliyesema hadithi hazipo: katuni wanazoziangalia ndizo hizi hizi. Sinderela amehamia kwenye simu tu, na mle ninamoziona mimi baba anauawa mwanzoni ili hadithi iende vizuri.

Kikao cha kamati ni Jumamosi. Nitakachopendekeza ni hiki: hadithi zisimuliwe kama zilivyo, walimu wawe na ruhusa ya kuahirisha moja pale wanapojua mtoto fulani yuko kwenye msiba au nyumba mpya, na baada ya kila hadithi ya mama wa kambo watoto waulizwe baba alikuwa wapi na angeweza kufanya nini. Pia akina baba waalikwe darasani kusimulia, kwa zamu, badala ya akina mama peke yao. Hili la mwisho najua litapingwa zaidi, maana hata kwenye vikao vya wazazi tunaokwenda ni wanawake. Anayepinga aweke hoja yake hapa kabla ya Jumamosi, nitaisoma pale kikaoni kama alivyoiandika.